Maneno Yaliyoagizwa kwa Barua

Mwezi wa Aprili 1834 Michael Faraday alikuwa na tatizo ambalo hakuna chombo cha maabara kingeweza kumtatulia. Alikuwa na umri wa miaka 42, mtafiti wa umeme mwenye sifa kuliko wote Uingereza, mtu ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa ameonyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya huzaa umeme. Makala yake mpya ilikwisha kusomwa mbele ya Royal Society ya London na ilingoja kuchapwa. Lakini kila alipoipitia alikuta maneno yanayomkera. Tarehe 24 akachukua kalamu, akamwandikia William Whewell wa Chuo cha Trinity, Cambridge, akimwomba amsaidie kupata maneno mapya ya Kigiriki.

Kwa mazoea tunadhani maneno ya sayansi ya Kiingereza ni urithi wa kale, kwamba Wagiriki na Warumi waliyatunga, Waingereza wakayapokea, na sisi huku tukayapokea kutoka kwao. Yapo ya namna hiyo, hasa katika tiba na hesabu. Lakini sehemu kubwa ya maneno anayokutana nayo mwanafunzi wa kemia au fizikia yalitengenezwa karne ya 18 na ya 19, na watu tunaowajua kwa majina, wakati mwingine hata siku yenyewe tunaijua. Yalibishaniwa na kuchekwa, mengine yakatupwa. Kisa cha barua za mwaka 1834 kinaonyesha kazi hiyo ilivyofanyika, maana barua zimehifadhiwa.

Faraday hakujua Kigiriki. Alizaliwa mwaka 1791 kusini mwa mto Thames, mtoto wa mhunzi ambaye afya yake ilikuwa ya kuyumbayumba, na shule aliyopata ilikuwa ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Alipokuwa na miaka 14 aliwekwa mwanagenzi kwa George Riebau, muuza vitabu na mjalidi wa mtaa wa Blandford. Alikaa huko miaka saba, akishona na kubandika majalada, na kila kitabu kilichopita mikononi mwake akikisoma. Elimu yake ya umeme ilianzia kwenye ensaiklopidia iliyoletwa kujalidiwa. Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy katika Royal Institution. Faraday akaandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake na kumpelekea Davy. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Katika Uingereza ya wakati ule, Kilatini na Kigiriki ndizo zilizokuwa tiketi ya kuingia miongoni mwa wasomi. Shule za kuwaandaa vijana kwenda Oxford na Cambridge zilifundisha lugha hizo kabla ya kitu kingine chochote. Faraday alikuwa nje ya mlango huo mara mbili: kwa umaskini, na kwa dini, maana alikuwa muumini wa kikundi kidogo cha Wasandemani, na asiyekuwa wa Kanisa la Uingereza hakuweza kutunukiwa shahada Cambridge. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiyaona mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona alilazimika kwenda kwa wengine kuyatafutia majina.

Alichokuwa anakifanya ni hiki. Ukichukua betri, ukatumbukiza nyaya zake mbili katika maji yenye chumvi au tindikali, mkondo wa umeme hupita na vitu vilivyo ndani ya maji huanza kuvunjika. Upande mmoja hutoka mapovu ya hewa moja, upande wa pili hewa nyingine, au madini hujikusanya juu ya waya. Pale nyaya zinapoingia majini watu walipaita ncha, kama tunavyosema ncha za sumaku. Nyuma ya jina hilo kulikuwa na nadharia iliyojificha: kwamba ncha huvuta, hii ikivuta chembe za aina moja na ile za aina nyingine, na ndiyo sababu kitu huvunjika.

Faraday aliamini kwamba jambo hilo si kweli, na mwaka 1833 alilijaribu kwa njia nyepesi mno. Alilowesha vipande vya karatasi kwa maji ya chumvi. Vingine vilitiwa rangi ya litmasi, ambayo huwa nyekundu ikiguswa na tindikali. Vingine vilitiwa manjano, ileile ya jikoni, ambayo hugeuka hudhurungi ikiguswa na alkali. Kisha akaupitisha umeme katika karatasi hizo bila waya kuzigusa: cheche ziliruka hewani hadi kwenye ncha ya karatasi. Rangi zikabadilika. Chumvi ilivunjika ingawa hapakuwa na kipande cha madini cha kuvuta chochote, hewa tu. Kama hakuna cha kuvuta, basi neno ncha lilikuwa linamdanganya msomaji kabla hajaanza kusoma.

Hapo ndipo ninapomwona Faraday kuwa mtu wa pekee. Wengi wangeandika kwamba ncha hazivuti, kisha wakaendelea kuziita ncha. Yeye alitaka neno lenyewe liondoke. Na alitaka litakalochukua nafasi yake lisiwe na nadharia yoyote ndani yake, hata ya kwake mwenyewe, kwa sababu alijua nadharia hubadilika.

Somo hilo alikuwa amelipata kwa majirani. Mwaka 1787 huko Paris, Antoine Lavoisier na wenzake watatu, Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy, walitoa kitabu cha kupanga upya majina yote ya kemia. Kabla yao kemia ilikuwa na majina ya mafundi na waganga: siagi ya antimoni, maua ya zinki, ini la kiberiti. Ukisikia siagi ya antimoni huwezi kujua ina nini ndani, na mtu asiye na habari angeweza kuila. Lavoisier alitaka jina liwe maelezo, ukilisikia ujue kitu kimeundwa na nini. Hewa ambayo Joseph Priestley wa Uingereza aliitoa mwaka 1774 kwa kuunguza unga mwekundu wa zebaki kwa miale ya jua, Lavoisier aliipa jina la oxygène. Alichukua oxys, lenye maana ya kitu kikali au kichachu, akalifunga na mzizi wa kuzaa. Oksijeni ni mzaa-tindikali. Alisadiki kwamba hakuna tindikali isiyo na oksijeni.

Alikosea. Mwaka 1810 Davy, huyohuyo atakayemwajiri Faraday, alitangaza kwamba ile hewa ya kijani inayopatikana kutokana na tindikali ya chumvi ni elementi yenyewe, haina oksijeni hata chembe, na tindikali ya chumvi nayo haina. Akaiita klorini, kutokana na chloros, rangi ya kijani iliyopauka, akieleza kwamba ni salama zaidi kuipa jina la rangi yake kuliko kuipa jina la nadharia. Kinachozitambulisha tindikali nyingi, kama ilivyobainika baadaye, ni haidrojeni. Kwa haki, mzaa-tindikali angekuwa haidrojeni, na mzaa-maji, ambayo ndiyo maana ya haidrojeni, pengine angekuwa oksijeni, maana katika maji ndiyo yenye uzito mkubwa. Lakini majina yalikwisha kuzoeleka na hakuna aliyeyabadilisha. Wajerumani waliyatafsiri kwa maneno yao ya nyumbani wakasema kitu-kichachu na kitu-maji, wakabeba na kosa pamoja. Sisi tuliyapokea kwa sauti tu, oksijeni na haidrojeni, na kosa likabaki limefungwa ndani bila kumsumbua mtu.

Tena hata Kigiriki chenyewe kilikuwa na kasoro. Katika maneno mengi ya Kigiriki cha kale mzizi huo wa kuzaa ukiwekwa mwishoni humaanisha aliyezaliwa na fulani, wala si mzazi wa fulani. Msomi wa Athene angelielewa neno la Lavoisier kuwa mtoto wa siki. Lavoisier hakuishi kuona mengi ya hayo. Alikatwa kichwa kwa mashine ya Mapinduzi ya Ufaransa tarehe 8 Mei 1794. Priestley naye aliikataa nadharia ya Lavoisier na jina alilolitoa mpaka alipofariki Pennsylvania mwaka 1804.

Davy mwenyewe hakuwa msafi katika kutunga. Mwaka 1807, kwa kupitisha umeme katika magadi makali na majivu yaliyoyeyushwa, alitoa madini mawili mapya laini, yanayoshika moto yakigusa maji. La majivu akaliita potasiamu, na hilo ni neno la kuchekesha: ni maneno mawili ya jikoni ya Kiingereza, chungu na majivu, yaliyovikwa mwisho wa Kilatini. La pili akaliita sodiamu, kutokana na soda, yaani magadi. Huko Sweden, mwanakemia Berzelius alipendelea majina mengine, kalium na natrium, na ndiyo maana alama za madini hayo hadi leo ni K na Na. La kwanza lina asili ya Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea ya chumvichumvi. La pili linatokana na natruni, neno lililopita kwa Waarabu na Wagiriki kutoka kwa Wamisri wa kale waliokaushia maiti kwa chumvi hiyo. Atakayesafiri katika Bonde la Ufa, kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, atalikuta Ziwa Magadi na jirani yake Ziwa Natron. Mpaka umepita katikati, lakini majina ya maziwa hayo mawili yanataja kitu kilekile.

Turudi kwa Faraday. Kabla ya kumwandikia Whewell alikuwa amemwendea daktari wake, Whitlock Nicholl, aliyejua Kigiriki. Kwa pamoja walipata maneno yaliyodumu: elektrodi, kutokana na hodos, njia, yaani njia ya umeme, na elektroliti, kitu kinachofunguliwa na umeme. Katika yote mawili sehemu ya kwanza ni elektron, jina la Kigiriki la kaharabu, utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ambao ukisuguliwa kwa kitambaa huvuta nyuzi na mabua. William Gilbert, tabibu wa Malkia Elizabeth, ndiye aliyelichukua neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1600 kuviita vitu vyote vyenye tabia ya kaharabu. Waarabu walipita njia hiyohiyo: kahraba kwao ndio umeme wa kisasa, na chimbuko lake ni maneno ya Kiajemi ya kupora bua. Kiswahili kiliichukua kaharabu kwa jiwe peke yake, na ilipofika zamu ya kuutaja umeme kikatazama mawinguni.

Kilichobaki kigumu ni elektrodi mbili zenyewe. Kila moja ilihitaji jina lake, na jina lisiseme kwamba umeme unatoka huku kwenda kule, wala kwamba kuna majimaji mawili ya umeme au moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika. Faraday na Nicholl walikuwa na eisode na exode, njia ya kuingilia na njia ya kutokea. Lakini je, ni nini kinachoingia? Swali lilikuwa palepale. Katika barua za Faraday na Whewell yanaonekana mengine: elektrodi ya mashariki na ya magharibi, ya kulia na ya kushoto, ya Volta na ya Galvani, ya alfa na ya beta. Ukiyasoma leo unaona jinsi tulivyoponea chupuchupu.

Whewell alijibu kesho yake. Huyu naye alikuwa mtoto wa fundi: baba yake alikuwa seremala Lancaster. Lakini mwalimu mmoja wa mjini kwao aliona akili ya kijana akamfundisha, na kwa njia hiyo Kigiriki kikamfikisha Trinity, ambako baadaye angekuwa mkuu wa chuo. Kwa hiyo walioandikiana barua hizo walikuwa mtoto wa mhunzi na mtoto wa seremala, na tofauti kubwa kati yao ilikuwa lugha moja iliyokufa. Whewell alipendekeza anode na cathode: anodos, njia ya kupanda, na kathodos, njia ya kushuka.

Kupanda na kushuka kwa nani? Kwa jua. Faraday alikuwa akitafuta kipimo kilichopo katika maumbile, kisichotegemea dhana ya mtu. Akawaza hivi: kama usumaku wa dunia unatokana na mikondo ya umeme inayoizunguka, basi mikondo hiyo ingekwenda kutoka mashariki kwenda magharibi, kama jua linavyoonekana kwenda. Basi chombo chako kiweke kwa fikra ili mkondo wake ufuate mwelekeo huohuo. Elektrodi ya upande wa mawio ni anodi, ya upande wa machweo ni kathodi. Fikra zetu juu ya umeme zikibadilika, alisema, zitabadilika kwa dunia na kwa chombo kwa pamoja, na majina yatabaki yamesimama. Haikuwa lazima hata usumaku wa dunia uwe unatokana na mikondo hiyo kweli. Ulikuwa mfano wa kuelekezea tu.

Ni hapo wanafunzi wa sekondari hujikwaa bila kuambiwa sababu. Hufundishwa kwamba anodi ni chanya na kathodi ni hasi, kisha wanakuta kwamba katika betri inayotoa umeme anodi ni ile hasi. Hudhani kitabu kimekosea. Faraday hakuwahi kuzipa elektrodi majina kwa chanya na hasi. Aliangalia mkondo unapoingilia na unapotokea katika kitu kinachobadilika kikemia. Katika chombo cha kuvunjia maji mkondo huingia kupitia upande wa chanya; ndani ya betri yenyewe safari ni kinyume. Sheria ni moja, ishara ndizo zinazobadilika. Mwalimu akianza na jua, somo hili huwa jepesi.

Faraday aliyapenda maneno hayo kwa sauti yake, ila tarehe 3 Mei alirudi na malalamiko. Wale aliowaonyesha walidhani anode maana yake ni pasipo njia, kwa kuwa katika maneno mengi ya Kiingereza yenye asili ya Kigiriki an- hukanusha. Whewell akajibu tarehe 5 bila kutetereka: hayo ni maneno halisi ya Kigiriki, hayakuungwaungwa kwa ajili ya kazi hii, na anayekijua Kigiriki hatayakosea. Katika barua hiyohiyo akashughulikia ombi jingine, la majina ya vile vitu vinavyosafiri ndani ya maji kuelekea upande huu au ule. Vya kuelekea anodi viitwe anioni, vya kathodi viitwe kationi. Na ukitaka kuvitaja vyote kwa pamoja, alisema, waweza kusema ion tu. Kwa Kigiriki ni umbo la kitenzi cha kwenda: kinachokwenda.

Tarehe 15 Mei Faraday aliandika kushukuru. Ameyachukua yote, alisema, ila lile la mwisho hatakuwa na haja nalo sana. Akamsimulia pia jinsi watu wa London walivyoyapinga majina hayo kwa ukali, hata akajiona kama yule mzee wa hadithi aliyesafiri na mwanawe na punda akijaribu kumridhisha kila mpita njia. Lakini alipolitaja jina la Whewell kama ngao, sauti za wapinzani ziliyeyuka. Sentensi hiyo inauma kidogo ukiifikiria. Aliyegundua alikuwa yeye. Hoja za kuyatetea maneno alikuwa nazo zote. Lakini kilichowanyamazisha watu ni kusikia kwamba mwanazuoni wa Cambridge ndiye aliyeyatunga.

Makala ilitoka mwaka huohuo ikiwa na maneno mapya, Faraday akishukuru marafiki wawili bila kuwataja kwa majina.

Neno lisilohitajika ndilo lililopata maisha marefu kuliko yote. Faraday alidhani umeme ndio unaovunja kitu na kuzifanya ioni. Mwaka 1884, huko Uppsala, kijana Svante Arrhenius aliandika tasnifu akidai kwamba chumvi ikiyeyuka majini ioni zipo tayari, umeme uwepo usiwepo. Watahini hawakuipenda na wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyohiyo. Nadharia iligeuka lakini neno halikuguswa, kwa sababu Whewell hakulitia kitu zaidi ya mwendo. Leo mshipa wa fahamu hupeleka habari kwa ioni za sodiamu na potasiamu, na chumvi ya kuongezea maji mwilini anayopewa mtoto anayeharisha hufanya kazi kwa ioni hizohizo. Simu ya mkononi huwaka kwa ioni za lithiamu, elementi iliyopewa jina la jiwe, lithos, kwa kuwa ilipatikana ndani ya mwamba mwaka 1817 wakati sodiamu na potasiamu zilitoka kwenye mimea na majivu.

Whewell alikuwa ameshakuwa kama fundi cherehani wa wanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1833 Charles Lyell, mwanajiolojia, alichapa juzuu ya tatu ya kitabu chake ikiwa na majina ya enzi za miamba aliyosaidiwa na Whewell: Eosini, mapambazuko ya mapya, Miosini, mapya yaliyo machache, Pliosini, mapya yaliyo mengi. Upya wenyewe ni wa konokono na kome. Ilihesabiwa katika kila tabaka ni wangapi kati ya waliogeuka mawe bado wanaishi leo. Kadiri walivyo wengi ndivyo tabaka lilivyo changa. Mabingwa wa Kigiriki walilalamika kwamba Miosini limeungwa vibaya. Lililalamikiwa, likatumika.

Neno scientist lilipata tabu zaidi. Mwaka 1833 watafiti walipokutana Cambridge, mshairi Coleridge alikuwepo, naye akawakataza kujiita wanafalsafa: mtu anayechimba mawe na kuchezea betri, alisema, hastahili jina hilo. Waitweje basi? Whewell ndiye aliyetoa neno hilo, kwa mfano wa lile la msanii, na mwaka uliofuata akalisimulia bila kujitaja katika mapitio ya kitabu cha Mary Somerville. Lilichukiwa. Nusu yake ni Kilatini na mwisho wake ni wa Kigiriki, na kwa wasomi wa wakati ule mchanganyiko huo ulikuwa aibu. Miaka 60 baadaye Thomas Huxley alikuwa bado analinganisha uzuri wake na wa neno la kuua mtu kwa umeme. Lile la mwanafizikia, ambalo Whewell alilitoa mwaka 1840, Faraday mwenyewe alilikataa: sauti tatu za i katika neno moja zilimzidi.

Masharti hayo ya usafi wa ukoo hayakuweza kushika. Sayansi ilipotoka Ulaya ilikuta wanyama, miamba na watu ambao Kigiriki hakikuwahi kuwasikia, na watungaji wakaanza kuchanganya walivyotaka. Mwaka 1925 Raymond Dart huko Johannesburg alikiita kichwa cha mtoto wa kale kilichotoka Taung Australopithecus, nyani wa kusini: nusu Kilatini, nusu Kigiriki. London walimkosoa kwa mifupa na kwa sarufi pia. Mwaka 1933 Arthur Hopwood alizipa taya za Koru, magharibi mwa Kenya, jina la Proconsul. Ni cheo cha gavana wa Kirumi, lakini hakikukusudiwa hivyo. Consul lilikuwa jina la sokwe wa maonyesho aliyewachekesha watu kwa kuvaa suti na kuvuta sigara. Basi aliyemtangulia Consul ni Proconsul.

Kisha tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey, akitembea katika korongo la Olduvai huku mumewe akiwa kambini na homa, aliona mfupa ukitokeza mtelemkoni. Lilikuwa fuvu la kiumbe mwenye magego makubwa mno. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete na mtoto wa wamisionari, alilipa jina Zinjanthropus boisei. Anthropos ni mtu, kwa Kigiriki. Zinj ni Zanj ya wanajiografia wa Kiarabu na Kiajemi, jina walilolitumia kwa pwani yetu na watu wake tangu kale, na ambalo limo ndani ya Zanzibar. Boisei ni Charles Boise, tajiri wa London aliyekuwa akigharamia uchimbaji wa akina Leakey, aliyetiwa i ya Kilatini ya umilikaji. Kigiriki, Kiarabu na jina la mfadhili wa Kizungu, vyote katika maneno mawili. Whewell angeomba maji ya kunywa.

Miaka iliyofuata ilileta mafuvu zaidi, na wataalamu wengi waliona kwamba kiumbe yule hastahili jenasi yake peke yake. Wakamhamishia kwa jamaa zake, wengine wakimweka katika Australopithecus, wengi leo katika Paranthropus. Kanuni za majina ya wanyama, zinazohesabu kuanzia toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus la mwaka 1758, ziko wazi hapo: kiumbe akihamishwa jenasi, jina la kwanza hubadilika na la pili humfuata. Kwa hiyo Zinj liliondoka na boisei likabaki. Fuvu lenyewe lipo Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa. Katika orodha rasmi pwani ya Zanj imefutwa na mfadhili wa London yumo, ingawa watafiti wakizungumza wenyewe kwa wenyewe wanaliita Zinj tu.